Nasaba ya Injini: Pikapu ya Land Rover kati ya Solihull na Mwambao



Tangu nilipowaarifu kwamba pikapu ya marehemu ami yangu imetiwa injini nyingine, nimepokea barua na jumbe nyingi kuliko nilizozipata kwa makala yoyote iliyotangulia. Baadhi yenu mmefurahi kusikia kwamba gari lililolala miaka kumi na miwili sasa linakwenda. Wengine mmeona tumeiharibu amana. Shangazi yetu wa Mombasa, aliye mkubwa wa ukoo hivi leo ijapokuwa amenizidi miaka mitatu tu, aliniletea ujumbe wa sauti akisema kwamba gari likiondolewa injini limeondolewa roho, na kwamba tulichobaki nacho Birmingham ni maiti iliyopakwa rangi. Neno hilo ni zito, na aliyelisema ana haki ya kulisema. Si adabu kulijibu kwa maneno mawili. Nitalijibu kwa tarikhi, kwa sababu naamini suala hili si la mafundi peke yao. Ni suala la kila ukoo uliohama: kipi kikibadilika kitu hubaki kile kile, na kipi kikibadilika kitu huwa kingine?

Gari lilivyozaliwa

Solihull ni mji ulioshikana na Birmingham upande wa kusini-mashariki, hata mgeni hawezi kujua ametoka wapi na ameingia wapi. Kiwanda cha Lode Lane kilijengwa hapo kwa fedha za serikali wakati Uingereza ikijiandaa kwa Vita Kuu ya Pili, nayo kampuni ya Rover ikapewa kukiendesha ili itengeneze injini za ndege. Kiwanda chake cha zamani mjini Coventry kilipigwa mabomu mwaka 1940, na vita vilipokwisha kampuni ikahamishia makao yake Solihull.

Nchi ilikuwa imeshinda vita lakini imefilisika. Chuma kiligawiwa kwa kipimo, na aliyetaka kupewa fungu lake ilimlazimu kuonyesha kwamba bidhaa zake zitauzwa nje na kuleta fedha za kigeni. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na Jeep chakavu ya jeshi la Marekani katika shamba lake huko Anglesey, na kutoka katika Jeep hiyo ndipo lilipozuka wazo la gari la mkulima. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi yake ilifanywa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, iliyotengenezwa Quinton, hapa hapa Birmingham.

Uchaguzi huo wa dhiki ndio uliolipa gari hili umri wake mrefu. Bodi ya alumini haili kutu kama bati la chuma. Chasisi huoza na injini huchoka, lakini ile sura ya gari hubaki. Ndiyo maana tangu zamani Land Rover imekuwa gari la kubadilishwa viungo: mwili wake huishi kuliko moyo wake.

Ama injini nazo zina nasaba yake, na nawaomba mnivumilie niitaje kama tunavyoitaja nasaba ya watu. Gari la kwanza la mwaka 1948 lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6, ikafuatiwa na ya lita 2. Mwaka 1958, pamoja na Series II, ikaja injini ya petroli yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2286. Kipenyo cha kila silinda kilikuwa milimita 90.47, na mwendo wa pistoni milimita 88.9. Mwaka 1961, kwa Series IIA, akazaliwa ndugu yake wa dizeli mwenye vipimo hivyo hivyo. Injini hizo zilitengenezwa kwa miaka mingi Acocks Green, mtaa ulioko mwendo mfupi wa basi kutoka ninapoandika maneno haya.

Katika miaka ya 1980 mwendo wa pistoni ukaongezwa hadi milimita 97, ukapatikana ujazo wa 2495, yaani lita mbili na nusu. Mwaka 1986 dizeli hiyo ikatiwa tabo. Mwaka 1989, gari jipya lililoitwa Discovery lilipotoka, ikaja injini iliyopewa jina la 200Tdi, ambayo dizeli yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Mwaka 1994 ikafuata 300Tdi. Katika miaka yote hiyo kipenyo cha silinda hakikubadilika: milimita 90.47 za mwaka 1958 ndizo milimita 90.47 za mwaka 1994. Anayeiita 200Tdi mgeni katika Land Rover ya zamani ni kama anayemwita mjukuu mgeni katika nyumba ya babu yake.

Lilivyofika kwetu

Wazee wetu Washihiri hawakuyashangaa magari yanayofunguliwa na kufungwa tena. Kabla Sayyid Abu Bakr al-Kaf hajagharimia barabara ya kutoka Tarim hadi pwani ya Shihr katika miaka ya 1930, magari ya matajiri wa Wadi Hadhramaut yalifika kule yakiwa vipande, yamebebwa na ngamia, kisha yakaunganishwa upya na mafundi. Mtu aliyeliona gari likishuka mgongoni mwa ngamia, gurudumu kando na injini kando, haamini kwamba gari ni kitu kimoja kisichogawanyika.

Babu yangu alifika Mombasa kwa jahazi akiwa kijana, akauza maji, kisha akauza vyakula, kisha akawa mchukuzi wa mbata na papa mkavu kati ya Mambrui, Malindi na Mombasa. Barabara ya kaskazini ya siku hizo ilikuwa ya vumbi wakati wa jua na ya tope wakati wa masika, na katika hori ya Kilifi magari yalivuka kwa feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mwaka 1966 alinunua pikapu ya Land Rover iliyokwisha tumika, ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ya petroli. Ndilo gari linaloonekana katika picha ya harusi ya shangazi mkubwa, lenye matandiko ya mikeka nyuma na majani ya mnazi kwenye boneti.

Wakati huo Land Rover ilikuwa gari la serikali, la polisi, la bwana shamba na la wamisheni, na mtu wa kawaida aliyekuwa nayo alihesabiwa amefika. Katika miaka ya 1970 ziliunganishwa hata Kenya kwenyewe, katika kiwanda cha Leyland cha Thika. Mwaka 1976 Solihull ilitoa Land Rover ya milioni moja. Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo Toyota Land Cruiser ilipoanza kulikalia soko la Afrika na la Bara Arabu, na jamaa zetu walioingia Oman baada ya 1970 wanakumbuka jinsi magari ya Kijapani yalivyoyafukuza ya Kiingereza katika muda mfupi.

Daftari la babu

Hapa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia, na ambalo mimi mwenyewe nimelisoma mwaka juzi tu. Miongoni mwa madaftari matatu ya babu yaliyoletwa Birmingham na marehemu ami, lipo moja la hesabu za gari. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino, bila nukta katika nusu ya maneno, na imenichukua majira mawili ya baridi kulisoma lote. Waliosoma chuoni kama mimi wanajua kwamba neno lisilo nukta husomwa kwa subira na kwa kubahatisha, kisha kwa kulilinganisha na jirani yake.

Katika Mfunguo Sita wa mwaka 1394, yaani baina ya Machi na Aprili 1974, babu aliandika kwamba amenunua mnadani makina ya dizeli iliyotolewa katika Land Rover iliyopinduka, kwa shilingi 1,800. Mstari unaofuata ni ujira wa fundi, shilingi 250. Wa tatu ni mapato: makina ya zamani ya petroli aliiuza kwa mtu wa Mambrui, naye akaifunga kwenye pampu ya maji shambani.

Sababu haikuandikwa, lakini tarehe inajieleza. Mnamo Oktoba 1973 mataifa ya Kiarabu yenye mafuta yalikata usafirishaji kwa nchi zilizoisaidia Israili, na hadi Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda takriban mara nne, kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12. Mchukuzi wa mbata asingeweza kuendelea na injini ya petroli inayokunywa kama ngamia aliyerudi safari. Injini ya petroli ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 77, na ile ya dizeli 62 tu. Babu alikubali kupanda kilima polepole ili afike sokoni na faida mkononi.

Basi ule mlio ambao shangazi anaukumbuka, ule wa dugu-dugu-dugu uliosikika kutoka njia panda kabla ya magharibi, ukamfahamisha bibi aweke chai motoni, ni mlio wa dizeli. Ni injini ya pili. Shangazi alikuwa binti wa miaka 14, na mambo ya gereji hayakuwa yakizungumzwa ndani. Sauti aliyoishika kuwa ndiyo asili ilikuwa yenyewe badala, iliyonunuliwa mnadani na kufungwa na fundi chini ya mwembe. Sisemi haya ili nimshinde shangazi. Nasema kwa sababu kumbukumbu yake ni ya kweli kabisa, na daftari nalo ni la kweli, na vyote viwili vinaweza kukaa pamoja.

Jahazi na mashine

Wala babu hakuwa wa kwanza. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika msimu wa 1938 na 1939 na jahazi la Kuwait kutoka Bara Arabu hadi Zanzibar, akaandika kitabu juu ya safari hiyo ya tanga tupu, iliyongoja kaskazi kuja na kusi kurudi. Haikupita hata miaka arobaini, majahazi mengi ya bahari yetu yakawa na mashine ya dizeli tumboni. Manahodha hawakusema chombo kimekufa. Ubao ulikuwa ule ule, jina lile lile, na mabaharia ni watoto wa mabaharia. Waliokataa mashine kwa ajili ya heshima ya tanga waliviona vyombo vyao vikiozea ufukweni, navyo ndivyo visivyo na majina leo.

Katika bara letu hali ni hiyo hiyo. Land Rover za zamani zinazotembea leo Kenya na Tanzania, nyingi zina injini za Kijapani, za Toyota, Nissan au Isuzu, zilizoletwa mitumba na kufungwa kwa bamba la chuma lililokerezwa na fundi wa jua kali ili giaboksi ya Kiingereza ishikane na injini ya Kijapani. Duka la vipuri vya Solihull likiwa mbali na fedha zikiwa chache, fundi hutazama kilichopo. Mwezi Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha kubwa la Land Rover. Gari hilo halikutengenezwa Tanzania, lakini watu waliliita lao, na nadhani wamelistahiki kwa jinsi walivyolitunza.

Pikapu ya Birmingham

Sasa niieleze pikapu yenyewe. Si ile ya babu, kwa kuwa ile iliuzwa Malindi baada ya kufa kwake. Ami yangu alipofika Uingereza alifanya kazi katika viwanda vya vyuma kama walivyofanya Wayemeni wengi wa mji huu tangu miaka ya 1950, na mwaka 1979 akanunua kwa mkulima wa Herefordshire pikapu ya mwaka 1968, inchi 109, ya petroli, rangi ya kijani, kwa sababu ilifanana na ya baba yake. Kwa miaka thelathini iliwabebea watu wa mtaa wetu makabati, magunia ya mchele, na mabati ya kujengea msikiti. Waliooana Sparkbrook katika miaka ya 1980, wengi vyombo vyao vilihamishwa na pikapu hiyo.

Ami alipougua gari likasimama uani. Disemba ya mwaka 2010 ilikuwa na baridi ambayo Uingereza haikuwa imeiona katika mwezi huo kwa muda wa miaka mia. Maji yaliganda ndani ya injini, na barafu ikitanuka haina simile: bloki ikapasuka ubavuni. Ami alifariki kabla ya kiangazi, Mungu amrehemu, na gari likabaki chini ya turubai.

Mnamo mwaka 2022, mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mitambo, alisema gari lisipotembea katika mwaka huo basi chasisi nayo itakwenda. Tulikaa kikao cha jamaa, tukachanga pauni 1,500, na nikakabidhiwa daftari. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuishona bloki iliyopasuka na kuishusha injini yote: makadirio tuliyopewa yalizidi pauni 2,500. Ya pili, kutafuta injini nyingine ya petroli ya aina ile ile. Zilizokuwa za bei nafuu nazo zilikuwa zimechoka, na petroli ya leo haina huruma. Ya tatu ilikuwa 200Tdi.

Sababu ya mafundi wa Uingereza kuipenda njia hii ya tatu ni nyepesi. Bodi ya Discovery za kwanza, tofauti na ya Land Rover ya zamani, ina chuma kingi kinachooza, na zilianguka katika ukaguzi kwa kutu huku injini zikiwa nzima. Tena kwa ajili ya ile nasaba niliyoitaja, mpangilio wa bolti nyuma ya bloki umebaki karibu na ule wa zamani, hata giaboksi ya mwaka 1968 huikubali injini ya mwaka 1991 bila bamba la kuunganishia. Undugu wa damu umefanya kazi ambayo kwa injini ya Kijapani ingehitaji mkerezaji.

Tulinunua Discovery nzima iliyooza, na hesabu yake ni hii. Gari la kuchinjwa, pauni 900. Kuchomelea maunti mpya za injini, 140. Mkanda wa taimingi na gasketi, 130. Klachi, 120. Egzosi, 160. Rejeta na mabomba yake, 110. Manifoldi, 60. Oili na vichujio, 80. Jumla pauni 1,700. Kisha tukauza giaboksi, milango, viti na ekseli za Discovery kwa pauni 520. Gharama halisi ikawa pauni 1,180. Katika baki ya 320 tulitumia 220 kwa breki, kwa sababu haifai kufufua gari linalokwenda kabla hujahakikisha kwamba linasimama. Pauni 100 zimo mfukoni mwa gari hadi leo.

Jambo moja lilizua mjadala. Katika Discovery injini hii ina tabo na nguvu za farasi 111. Vijana walitaka tabo ibaki. Mpwa wangu alikataa, akasema, "Mjomba, giaboksi hii ilifanywa kwa injini ya upole. Ukiipa nguvu hizo utaivunja meno." Tena tabo ya Discovery imekaa chini, mahali ambapo chasisi ya zamani inaizuia, na kuipisha kungetulazimu kukata. Basi tabo ikaondolewa, njia zake za oili zikazibwa, ikafungwa manifoldi ya dizeli isiyo na tabo ya lita 2.5, na pampu ikapunguzwa dizeli. Nguvu ikashuka, ikakaribia ile ya injini ya kwanza. Tukaweka sharti kwamba chasisi isikatwe popote, na kila kilichotolewa kihifadhiwe, ili atakayekuja baada yetu akitaka kurudisha ya zamani asizuiwe na mikono yetu.

Sheria na majirani

Huku Uingereza gari likibadilishwa injini, mwenye gari huiarifu mamlaka ya usajili, DVLA, ili namba ya injini na aina ya mafuta virekebishwe katika hati. Kwa miaka mingi mamlaka hiyo ilikuwa na mizani ya kuamua kama gari lililobadilishwa sana ni lile lile. Chasisi ilipewa alama 5. Springi, ekseli, usukani, na giaboksi pamoja na viungo vyake, kila kimoja alama 2. Injini ilipewa alama 1. Lililofikisha alama 8, chasisi ikiwamo, lilibaki na namba yake. Nilipoisoma mizani hiyo nilimkumbuka shangazi. Makarani wa serikali, watu wa kabila langu kwa kazi, walipoulizwa roho ya gari iko wapi walijibu kwamba iko katika mifupa, na kwamba injini ni sehemu moja katika kumi na nne.

Gari lililozidi miaka 40 limesamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 limesamehewa pia ukaguzi wa MOT, maadamu halikufanyiwa mageuzi makubwa katika miaka 30 iliyopita. Maelezo ya serikali yanasema injini mbadala ya kiwandani haihesabiwi mageuzi makubwa, na kwamba idadi ya silinda ikibadilika ndipo shaka huanza. Ya kwetu ilikuwa na silinda nne, na sasa ina nne. Hata hivyo tuliamua gari lipelekwe ukaguzini kila mwaka, kwani msamaha wa sheria haukazi bolti iliyolegea.

Lipo na jambo la hewa, nalo nalisema kwa sababu mtu wa Toronto aliniuliza kwa ukali. Tangu tarehe 1 Juni 2021 katikati ya Birmingham, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540, gari dogo lenye moshi mchafu hulipa pauni 8 kwa siku. Magari ya kihistoria yamesamehewa. Lakini mapafu ya mtoto wa jirani hayaisomi hati ya usajili, na dizeli ya miaka ile si safi. Kwa hiyo tumekubaliana: pikapu hutoka siku chache kwa mwezi, kwa kazi yenye haja, na haiachwi ikinguruma mbele ya nyumba za watu. Anayetaka kuitembeza kwa fahari tu, hapewi ufunguo.

Jawabu langu kwa shangazi

Baada ya hayo yote, naona hivi. Gari la ukoo halihifadhiwi kwa kulizuia lisiguswe. Babu alilibadilisha la kwake ili libaki kazini, na kwa kubaki kazini ndipo lilipokumbukwa. Lau lingesimama mwaka 1974 kwa kukosa petroli, shangazi asingekuwa na mlio wa kuukumbuka. Sisi wenyewe, tulioingia Mombasa na Kiarabu cha Hadhramaut na kutoka na Kiswahili, na ambao watoto wetu wanaota kwa Kiingereza cha Birmingham, hatuna hoja ya kukiambia chuma kwamba asili yake ni kutobadilika. Tulichobaki nacho ni mifupa: majina, makaburi tunayoyajua yalipo, na madaftari. Kilicho juu ya mifupa hubadilishwa na kila kizazi kwa kadiri ya uwezo wake.

Lakini shangazi ana haki katika jambo moja, na nimelikubali mbele ya kikao. Kubadilisha bila kuandika ni kupoteza. Babu aliandika mistari mitatu, na mistari mitatu hiyo imetupa leo elimu ambayo hakuna mtu hai aliyekuwa nayo. Kwa hiyo namba ya injini ya kwanza ya ami, namba ya ile ya Discovery, tarehe, gharama na majina ya waliofanya kazi yamo katika daftari jipya, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu, ubavuni mwa daftari la babu. Shangazi ameweka sharti kwamba bloki iliyopasuka isiuzwe chuma chakavu. Haitauzwa. Ipo uani juu ya ubao, imepakwa grisi, na nyufa yake inaonekana.

Nawaomba nanyi mlioko kwenye kabati zenu. Kama mna hati ya zamani ya gari, ya lori, ya pikipiki au ya jahazi la mzee wenu, yenye namba ya chasisi na ya injini, msiitupe kwa kudhani ni karatasi ya bure. Ipigeni picha mniletee. Na aliye na herufi asizoweza kuzisoma, aniletee pia, macho yangu bado yanafaa.